Mpunga Unavunwa Juni, Ligi Inaanza Agosti: Nani Kasema Lazima Ulipie King'amuzi Kila Mwezi?

Wadau wa soka, leo hatumung'unyi maneno. Bei za vifurushi vya mpira zimekuwa kama mbio za vijiti: kampuni moja ikipandisha, nyingine inapokea kijiti na kuendelea. Halafu kuna mastaa wetu, majina kapuni, wanaopita mitandaoni wakituambia eti "hela yenyewe ya soda tu, acheni kulialia." Mmoja ni mchambuzi ambaye ofisi ndiyo inamlipia kifurushi. Mwingine ni msanii ambaye kila akionekana uwanjani yuko VIP, tena kwa mwaliko. Mtu anayeingia bure bei ya king'amuzi ataijulia wapi?

Msimamo wangu huu hapa, mapema, ili anayetaka kunitukana aanze kunoa vidole: kwa kijana wa Bukene, Nzega au Tabora mjini, kulipia kifurushi cha mpira miezi 12 mfululizo ni kupigwa huku unashangilia. Lipia kwa hesabu au usilipie.

Tupige hesabu basi. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu. Tuseme kifurushi chako chenye mpira ni 25,000 kwa mwezi (weka ya kwako kama ni zaidi au pungufu). Kwa mwaka ni 300,000. Kama wewe ni wa timu moja tu, Yanga au Simba, gawa kwa mechi 30 za ligi. Unapata 10,000 kwa mechi moja! Sasa pale kibanda umiza ukiingia kwa buku, mechi zote 30 zimekula 30,000. Tofauti ni 270,000. Hiyo ni mbolea, ni kodi ya geto, ni mtaji wa mtu kuanza kuuza chipsi stendi.

Wajanja watasema, "mimi nina app kwenye simu, dishi la nini?" Poa. Lakini kwenye simu unalipa mara mbili. Unalipia kifurushi cha app, kisha unanunua bando. Mechi moja kwa picha ya kawaida inaweza kula karibu GB 1, na ukitaka picha kali inapita hapo. Halafu dakika ya 88 kona inapigwa, kiduara kinaanza kuzunguka, unasikia jirani mwenye redio anapiga kelele ya goli kabla yako. Tena huyo wa redio hajalipa hata senti. Mkataba wa matangazo ya redio ya Ligi Kuu walichukua TBC mwaka 2021, na wazee wetu mpaka leo wanajua msimamo wa ligi kuliko sisi wenye bando.

Sasa twende kwenye hoja inayoniuma zaidi, ambayo hao mastaa wa VIP hawawezi kuiona. Kulipa kila mwezi ni mpango wa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Bukene inaishi kwa mpunga. Hela inaingia mavuno yakitoka, kuanzia mwezi wa 5 na kuendelea. Ligi yenyewe? Inaanza Agosti au hapo karibu, inachemka Februari mpaka Aprili, inakwisha Mei au Juni. Yaani ubingwa unapoamuliwa, mkulima yuko shambani na mfuko umetoboka. Mfuko ukijaa, ligi iko likizo na kwenye kioo wanarudia mechi za zamani. Na hiyo likizo unailipia bei ileile!

Tena si likizo tu. Machi 8, 2025 watu walilipia kifurushi kwa ajili ya Kariakoo dabi. Simba wakasema hawachezi kwa sababu walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, mechi ikaahirishwa. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Aliyelipia Machi kwa sababu ya dabi tu, ilibidi alipie tena Juni kuiona mechi ileile. Zamani misafara iliyopita Unyamwezi ililipa hongo kwa watemi, lakini ukilipa ulipita. Sisi tunalipa na hatupiti.

Najua mtakachosema, na mna pointi. Kwanza, mtasema hela hizi ndizo zinazolisha soka letu. Ni kweli. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Bila kamera za namna hiyo, nani angeiona Tabora United ikiipiga Yanga 3-1 pale Chamazi Novemba 7, 2024? Siku ile mkoa mzima ulitembea kifua mbele. Sipingi mtu kulipia mpira. Napinga kulipia mwezi ambao mpira haupo.

Pili, mtasema bei inapanda kwa sababu haki za ligi za nje zinanunuliwa kwa dola, na VAT ni asilimia 18. Sawa. Ila nimeona kitu kimoja: shilingi ikiyumba, bei inapanda kwa mbio za sungura. Shilingi ikipata nguvu, kama ilivyokuwa mwisho wa 2024, punguzo linakuja kwa mwendo wa kobe, kama linakuja.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote: kibanda umiza si pa kila mtu. Dada anayependa mpira hawezi kubanwa kwenye benchi na watu 60 wanaotukana, mechi ya saa 1 usiku, kisha arudi nyumbani peke yake gizani. Na king'amuzi nyumbani si mpira tu. Mama ana tamthilia yake, watoto wana katuni, baba ana taarifa ya habari. Kwa nyumba kama hiyo, nasema lipieni, hela yenu inarudi. Mimi naongea na wewe mwana uliyepanga chumba kimoja, unayekopa ili uangalie mechi nne kwa mwezi, halafu unakula mihogo kimyakimya.

Na tusidhani kampuni hazisikii. MultiChoice, wenye DStv, walipoteza wateja wapatao milioni 2.8 ndani ya miaka miwili mpaka Machi 2025. Nigeria, bei zilipotangazwa kupanda mwaka huohuo, chombo cha kulinda walaji kiliwaita wajieleze. Septemba 2025 kampuni ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Mteja anayekata kifurushi anasikika kuliko anayelalamika mitandaoni huku analipa.

Kwa hiyo kijana fanya hivi. Chukua ratiba, zungushia mechi ambazo kweli huwezi kukosa. Lipia miezi hiyo tu. Vifurushi vya siku na wiki vipo, StarTimes wamekuwa navyo muda mrefu, vitumie. Mnaoishi geto moja wanne, changeni: 25,000 kwa wanne ni 6,250 kila mtu. Zilizobaki nenda kibanda umiza, au fungua redio.

Na nyie wenye makampuni, tunataka mambo mawili. Tuuzieni mechi kama mnavyouziwa umeme wa LUKU, yaani mtu analipia anachotumia. Na mechi ikiahirishwa, siku zangu zisogee mbele, zisife. Mpango ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa ofisini Posta hauwezi kumkaa mkulima wa Bukene.

Haya, tiririka hapo chini. Kwa mwezi unalipa shilingi ngapi, na mwezi uliopita uliangalia mechi ngapi? Gawa, halafu utuambie bila aibu. Na wewe staa wa "hela ya soda", tunajua unasoma. Weka risiti.