Chujio la Hewa na Gari la Kasi: Kipimo Kitangulie Sifa

Magari madogo ya kasi yaliyokwisha kutumika Ujapani si kitu kigeni tena katika barabara za Tanzania, na mjini Babati pia huonekana. Wenye magari hayo, hasa vijana, aghalabu hawaridhiki nayo kama yalivyotoka kiwandani. Jambo la kwanza wanaloshawishiwa kubadili ni njia ya hewa ya injini. Kasha la chujio, ambalo mafundi huliita kasha la filta, hung'olewa. Mahali pake hufungwa chujio lenye umbo la pia, likakaa wazi chini ya boneti. Mwuzaji huahidi nguvu zaidi. Injini nayo, kwa kuwa kasha lililokuwa likituliza mlio limeondoka, hunguruma kwa kishindo kinachoonekana kuithibitisha ahadi hiyo.

Lakini kishindo si nguvu. Hapana budi madai ya mwuzaji yapimwe kwanza, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Injini ni pampu ya hewa. Petroli haiungui bila oksijeni; kwa hiyo nguvu ya injini hutegemea masi ya hewa inayoingia katika silinda. Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Pwani, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 101. Babati ni kama 86 tu. Maana yake ni kwamba injini isiyo na tabo hupata Babati hewa pungufu kwa kiasi cha asilimia 15 ikilinganishwa na Dar es Salaam, halijoto ikiwa ni ileile. Je, chujio la wazi laweza kuirudisha hasara hiyo? Chujio safi la kawaida, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, kwa kawaida hupunguza kanieneo kwa kilopaskali 1 au 2 hivi. Hata kama chujio lote lingetupwa, faida isingezidi sana asilimia 2. Mwinuko wa nchi umekwisha chukua 15.

Faida hiyo ndogo nayo yaweza kupotea kwa joto. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 20 za Selsiasi, na ile iliyo chini ya boneti, karibu na rejeta na bomba la moshi, ina nyuzi 50. Kwa kipimo cha Kelvini ni 293 na 323. Kwa kuwa densiti ya hewa hupungua kadiri halijoto inavyopanda, chujio linalovuta hewa ya chini ya boneti huipunguzia injini hewa kwa asilimia 9 hivi. Aliyenunua asilimia 2 amelipa kwa asilimia 9, na fedha juu yake.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya vumbi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018; hata hivyo njia nyingi za kwenda vijijini bado ni za udongo. Injini ya lita 2 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku kilango cha hewa kikiwa wazi kabisa, huweza kuvuta mita za ujazo 180 kwa saa. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kila mita ya ujazo ina gramu 0.1 ya vumbi. Gramu 18 zitafika kwenye chujio kila saa. Chujio linalozuia asilimia 99 litapitisha gramu 0.18, linalozuia asilimia 97 litapitisha gramu 0.54. Tofauti ya 99 na 97 yaonekana ndogo, kumbe vumbi linaloingia katika silinda limekuwa mara tatu! Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na oili hugeuka kuwa msasa, zikala pete za pistoni na kuta za silinda. Katika gari lenye tabo huweza pia kuyala mapanga yake yanayozunguka kwa kasi kubwa mno.

Wako watakaojibu kwamba magari ya mashindano hubadilishwa njia za hewa, nayo hushinda. Ni kweli. Lakini na yatazamwe Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1953. Katika miaka ya 1990 magari kama Toyota Celica na Subaru Impreza yalifungwa bomba la hewa lililopanda kandokando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Mabingwa hao walitafuta hewa iliyo juu ya vumbi na maji. Waliokuwa na haja kubwa kabisa ya kasi walitanguliza usafi wa hewa.

Basi mwenye gari la kasi Babati na achague kwa utaratibu huu. Kwanza, chujio jipya la karatasi la kipimo sahihi, ndani ya kasha lisilovuja. Pili, bomba zima linalovuta hewa ya nje iliyo baridi, wala lisishushwe chini hata likanywa maji ya madimbwi wakati wa masika. Tatu, aache desturi ya kupuliza filta kwa upepo mkali wa kompresa, kwani karatasi huweza kupasuka pasipo kuonekana. Chujio la pamba lenye mafuta nalo likipakwa kupita kiasi laweza kuchafua sensa ya hewa. Baada ya hayo ndipo azungumze habari za nguvu.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuyafanya haya kuwa somo. Bomba la plastiki lenye umbo la U, lenye urefu wa kutosha ili maji yasivutwe na injini, huunganishwa baada ya chujio. Fundi huendesha gari mlimani, na abiria husoma tofauti ya vimo vya maji. Sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1. Chujio kuukuu, chujio jipya na chujio la wazi yakipimwa katika mlima uleule na kwa mwendo uleule, mabishano ya gereji yatapata mwamuzi. Taifa linaloagiza mashine zake kutoka ng'ambo haliwezi kumudu kuziua kwa sifa za wauzaji. Kijana aliyejifunza kupima hatadanganywa na kishindo.