Yeye kulia, mimi kushoto

  

Leo nataka tuongelee fimbo za gofu. Usifungue ukurasa mwingine kwanza! Najua unasema gofu ni mambo ya wazee wenye vitambi. Subiri nikusimulie ya shoga yangu mmoja na mume wake, halafu utaniambia kama hayakuhusu.

Hawa wawili wanaishi Tunduma. Shemeji yangu ni wakala wa forodha, kazi yake ni kuvusha mizigo ya watu kwenda Zambia na Kongo. Tunduma si mji wa gofu, tuseme ukweli. Ni mji wa malori, wa kubadilisha kwacha, wa simu zinazolia saa nane usiku kwamba karatasi fulani haijasainiwa. Hata baada ya kituo cha pamoja cha mpaka kuzinduliwa mwaka 2019, foleni bado ni sehemu ya maisha pale.

Lakini ukishavuka Nakonde ukaenda hadi Copperbelt, unakuta watu wengine kabisa. Ndola, Kitwe, Chingola, kote huko kuna viwanja vya gofu vilivyokua pamoja na migodi ya shaba, na wateja wa shemeji wanapenda kumalizia mazungumzo ya biashara uwanjani. Pale Ndola kuna vichuguu vikubwa kama nyumba katikati ya uwanja, na mpira wako ukienda nyuma ya kichuguu, shauri yako. Basi shemeji akanogewa. Akawa anaondoka wikiendi mbili kwa mwezi, na shoga yangu anabaki na watoto.

Shoga akalalamika. Shemeji akajitetea kwamba ni kazi. Wakanuniana wiki nzima, halafu siku ya kumbukumbu ya ndoa yao shemeji akaja na zawadi: seti nzima ya fimbo za gofu za kike, begi la rangi ya waridi. "Mama, kuanzia sasa tunakwenda wote."

Vizuri, sivyo? Hata mimi nilimsifu. Lakini baada ya miezi minne shoga akanipigia simu, sauti imekauka. "Mimi siendi tena. Mpira wangu unapaa juu kama tiara halafu unakata kushoto kwenye majani. Wa kwake unakwenda chini chini kulia. Shimo zima kila mtu anatembea peke yake, tunakutana kule mwisho kwenye bendera. Na nimemsikia akimwambia rafiki yake, huyu namleta tu apate hewa."

Hapo ndipo kilipouma. Siyo mpira, ni lile neno.

Tatizo lilikuwa kwenye mpini

Mwezi uliofuata walikuwa Dar kwa harusi ya ndugu, wakapata nafasi ya kupitia uwanja mmoja kuonana na kocha. Shemeji alitaka kocha amfundishe mkewe. Kocha yule, mzee mtaratibu, akawaangalia wote wawili wakipiga mipira kumi kumi, kisha akauliza swali moja: "Nani aliwachagulia hizi fimbo?"

Sikiliza, hapa kuna somo. Fimbo ya gofu ina kichwa kinachogonga mpira, ina sehemu ya kushikia, na katikati ina mpini ambao wachezaji wenyewe wanauita shafti. Zamani mpini ulikuwa wa mti. Chuma kilikubaliwa rasmi Marekani mwaka 1924 na Uingereza mwaka 1929, na miaka ya 1970 ikaja grafiti, ambayo ni nyepesi zaidi. Mpini wa chuma mara nyingi una gramu 100 hadi 130, wa grafiti gramu 50 hadi 80.

Ukipiga, mpini unapinda. Huoni kwa macho kwa sababu ni kufumba na kufumbua, lakini unapinda unaposhusha mikono, halafu unajinyoosha karibu na mpira. Mpini ukiwa laini kuliko kasi yako, kichwa cha fimbo kinawahi, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia mpira mara nyingi unapaa sana na kukata kushoto. Ukiwa mgumu kuliko kasi yako, kichwa kinachelewa: mpira unakwenda chini na kuelekea kulia, na mikono inahisi kama umepiga jiwe. Si kila mpira unaopotea ni kosa la mpini, mwendo wako nao una lawama zake. Ila ukiona kosa lile lile linajirudia hata siku uliyopiga vizuri, muulize mpini.

Ndiyo maana mipini inaandikwa herufi. Kipimo chake ni kasi ya kichwa cha fimbo unapopiga kwa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote. Kwa kukadiria ni hivi:

L, laini kabisa: chini ya maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120.
A, laini, wengine wanauita wa wazee: maili 75 hadi 85, kilomita 120 hadi 137.
R, wa kawaida: maili 85 hadi 95, kilomita 137 hadi 153.
S, mgumu: maili 95 hadi 105, kilomita 153 hadi 169.
X, mgumu kupindukia: zaidi ya maili 105.

Kumbuka, hakuna sheria inayowabana watengenezaji wote. R ya kampuni moja inaweza kuwa karibu na S ya kampuni nyingine. Herufi inakuonyesha mlango tu, kuingia ndani mpaka ujaribu mwenyewe.

Simba na begi la waridi

Sasa shemeji alikuwa amenunua S. Kwa nini? Kwanza, kule Ndola aliwahi kupiga mpira ukaenda yadi 235, akasema huyu ni mimi. Pili, alinitania siku moja kwamba S ni ya Simba. Wanaume jamani!

Kocha akamfanyia hesabu. Ndola iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, haimzuii mpira sana. Unapata kama asilimia 5 ya bure. Na ilikuwa kiangazi, ardhi kavu, mpira ukadunda na kubingirika. Ule umbali aliojisifia ulikuwa na yadi zaidi ya 20 za kubingirika. Kinachohesabika ni pale mpira unapotua mara ya kwanza, siyo pale unaposimama.

Halafu kocha akaweka kifaa kidogo cha rada nyuma ya mpira. Shemeji: maili 88. Akarudia: 87. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akapiga kwa nguvu zote: 89, mpira ukaenda kwenye miti.

"Mzee," kocha akasema kwa upole, "wewe ni R. Na hicho kiwiko unachokishikashika, ni kwa sababu unalazimisha."

Akamgeukia shoga yangu. "Haya dada, njoo na wewe." Shemeji akawahi: "Huyu ni L, kocha, hata fimbo zimeandikwa." Kocha hakujibu, akampa fimbo nyingine ya majaribio.

Nikukumbushe, shoga yangu huyu alikuwa anarusha mkuki UMISSETA. Mabega yale hayajaenda popote. Maili 86. Akapiga tena: 86. Akapiga ya tatu, mpira ukanyooka katikati kama umevutwa kwa kamba.

Kimya. Hatimaye shemeji akasema, "Kumbe tunatumia herufi moja."

Msomaji wangu, hilo ndilo nililotaka ulione. L haimaanishi kwamba kila mwanamke lazima aitumie, ingawa maduka yanaiuza hivyo. Wanawake wa kulipwa kule Marekani kwa wastani wanapiga kama maili 95 kwa saa, juu kidogo ya mwanaume wa kawaida anayecheza wikiendi. Hapa nyumbani kina Madina Iddi na Angel Eaton wamechezea timu ya taifa ya gofu. Nenda kawaambie wao wachague fimbo kwa rangi ya begi, uone watakavyokuangalia.

Ukitaka kununua

Najua wengi wenu hamna rada, na huko mliko, iwe Vwawa, Mlowo au Tunduma, kocha wa gofu si mtu wa kumkuta stendi. Fanya hivi.

Siku ukipata uwanja wa mazoezi, piga mipira 10 kwa draiva. Toa miwili mibaya na miwili ya bahati. Sita iliyobaki, angalia inatua wapi, upate wastani kwa yadi, halafu ugawe kwa 2.3. Jibu ndilo kasi yako kwa kukisia. Mpira ukitua yadi 200, sawa na mita 183 hivi, wewe uko kama maili 87. Kama uko nyanda za juu, punguza asilimia 5 kabla ya kugawa. Na usijipimie kwenye kiwanja cha mpira ambako watoto wanacheza. Ule mpira mdogo unaua.

Ukiwa katikati ya herufi mbili, angalia mwendo wako. Anayeanza kwa haraka na kwa fujo anaweza kubebwa na mgumu kidogo. Mtaratibu, anayevuta pumzi kwanza, achukue laini.

Kama ni za mitumba, usiangalie kung'aa. Herufi mara nyingi ipo kwenye mpini wenyewe, chini kidogo ya pale unaposhika au kwenye stika iliyozungushiwa. Stika ikiwa imebanduka, kuwa na wasiwasi. Angalia pia kama mpini umekatwa, yaani hiyo fimbo ni fupi kuliko wenzake wa namba inayofuata. Mpini uliokatwa unakuwa mgumu kuliko herufi yake. Grafiti ipitishie kidole polepole: ukihisi ufa au nyuzi zimeinuka, rudisha, itakatikia mkononi.

Na kama tayari una seti isiyokufaa, usiitupe. Fundi wa fimbo anaweza kubadilisha mpini akaacha kichwa kile kile. Anza na draiva, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha tofauti kubwa zaidi.

Tulipofikia

Jioni ile walirudi hotelini kimya kimya. Shoga anasema hakufurahia ushindi kama alivyodhani. Alikuwa amekaa kitandani anavua viatu ndipo akasema, "Baba, ulinunua zile fimbo bila kuniuliza hata kimo changu." Shemeji akasema alitaka iwe sapraizi. Akamjibu, "Na lile neno la hewa, nalo lilikuwa sapraizi?"

Shemeji hakujua kwamba lilisikika. Akaomba msamaha, na safari hii hakuleta begi lolote mkononi, alikaa tu akasikiliza. Shoga naye akakiri kitu: alikuwa anapiga vibaya mengine kwa makusudi, ili achoke amwache nyumbani. Unaona? Wote wawili walikuwa wanatafuta njia ya kuachana uwanjani, na wote wawili walikuwa na fimbo za kusingizia.

Mimi sitakudanganya kwamba mpini wa R unaponya ndoa. Shemeji bado anasafiri, simu za mpakani bado zinalia usiku. Mpira wake bado unakwenda kulia mara moja moja akiwa na hasira. Ila kiwiko kimepona, lile begi la waridi amepewa binti wa jirani anayeanza kujifunza, na siku hizi wanashirikiana draiva moja, wanapokezana. Shoga anasema sehemu nzuri zaidi si kupiga. Ni kutembea, dakika kumi na tano za kila shimo, hakuna simu, mmoja ameshika fimbo na mwingine anamuuliza kuhusu ada ya shule.

Kwa hiyo kama mwenza wako ana kitu anachokipenda na wewe unataka mkifanye pamoja, iwe gofu, iwe gym, iwe kusuka vikapu, usimnunulie kwa kumkisia. Mpime. Na wewe mwenyewe ukubali kupimwa mbele yake, hata kama namba itakayotoka siyo ya Simba.

Mwezi ujao tutaongelea wakwe wanaokuja kusalimia wakakaa miezi mitatu. Hadi hapo, pendaneni.