Kabla ya kugombana na kampuni ya intaneti, pima waya ulio ukutani

Umelipia kifurushi cha Mbps 500. Kompyuta ya ofisini ukiipima inagota kwenye 94 au 95. Unapiga simu kwa kampuni, unaambiwa zima rauta, washa tena. Wapi! Namba ni ile ile.

Sasa sikiza. Namba hiyo inasema kitu, na mara nyingi shida haiko kwa kampuni.

Tangu Starlink ianze kuuza huduma Kenya mnamo Julai 2023, vita vya intaneti vimekuwa vya kasi. Lakini kasi hiyo inaishia mlangoni. Kutoka hapo inapita kwenye waya wa jengo, na kuna majengo yaliyowekwa nyaya kabla ya kebo za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009. Enzi hizo intaneti ilitoka kwa setilaiti, na hakuna aliyewazia Mbps 500.

Ndani ya kebo mna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Mbps 100 zinahitaji nne tu. Mbps 1,000 zinataka zote nane. Waya mmoja kati ya zile nne za ziada ukikatika, mara nyingi vifaa vinashuka kimya kimya hadi 100. Intaneti haizimi, kwa hivyo nani atashuku? Wengine waligawa kebo moja, nyaya nne kwa kompyuta hii na nne kwa ile. Zamani ilitosha, leo unaumia.

Utajuaje? Kwanza, angalia kwenye mipangilio ya kompyuta kama imeunganishwa kwa 100 au 1,000. Pili, ipeleke karibu na rauta, uiunganishe kwa waya mfupi mpya. Kasi ikipanda, mshukiwa yuko ukutani. Tatu, tafuta kipima waya chenye taa nane. Taa isiyowaka ndiyo waya uliokatika au usioungwa. Anza na vichwa vya kebo: kata, unga upya, pima tena.

Lakini usidanganywe na taa. Zote zinaweza kuwaka ilhali fundi alichanganya jozi, au kebo imevuka mita 100, ambao ndio mpaka wake.

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Fundi anafika, anatazama darini, anasema, "Hii yote ing'olewe." Kwani amepima? Teknolojia ya Mbps 1,000 iliyotoka mwaka wa 1999 ilibuniwa ipite kwenye kebo za Cat 5 zilizokuwepo wakati huo. Kebo ya shaba iliyowekwa vizuri bado inafanya kazi. Afadhali hiyo kuliko mpya ya bei rahisi, yenye alumini iliyopakwa shaba juu.

Na wewe unayetafuta kazi, hebu fikiria. Wanaojua kuuza kebo ni wengi. Anayeweza kumwambia mwenye ofisi ni waya upi umekufa na upi uachwe, huyo ataitwa tena.