KONA YA MWALIMU: Jina umebadilisha, lakini mtu tunamjua

Tunashukuru kwa karatasi nyingi mlizoleta tangu gazeti letu liombe hadithi za familia. Zingine ni nzuri kabisa. Lakini karibu nusu hatuwezi kuzichapa hivi zilivyo, na wenyewe wananisimamisha njiani wakiuliza kwa nini. Sababu ni kwamba wameandika mambo ya watu wengine, na watu hao hawana habari.

“Lakini mwalimu, jina nimebadilisha!” Ndiyo, nimeona. Umemwita Mama Furaha. Halafu ukaandika kwamba anakaa karibu na bomba, anauza maandazi, ana mapacha, na mume wake alibaki Fizi. Sasa hapo umeficha nini? Sisi tunapanga foleni moja ya posho, hata mtoto wa darasa la pili atakwambia ni nani. (Mfano huu nimeutunga, msianze kumtafuta.)

Jambo hili limewapata hata waandishi wakubwa. Mwaka 2002 mwandishi wa Norway, Åsne Seierstad, alitoa kitabu juu ya familia ya Kabul, Afghanistan, iliyomkaribisha akae nao nyumbani. Baba wa nyumba alikuwa muuza vitabu. Mwandishi alimpa jina la Sultan Khan. Lakini wauza vitabu wa namna ile Kabul ni wangapi? Watu wakamtambua kuwa ni Shah Muhammad Rais, na mambo ya ndani ya wake zake na ndugu zake yakasomwa nchi nyingi. Mke wake wa pili, Suraia, akashtaki. Mwaka 2010 mahakama ya Oslo ikasema mwandishi alipe fidia. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu hiyo, mwandishi hakulipa.

Mimi sibishani na mahakama. Tena mwandishi alitaka dunia ijue maisha ya wanawake wa kule, na hilo si jambo dogo. Angemwomba ruhusa baba peke yake, labda habari za wanawake zisingetoka kamwe. Ila mtu amekupa chakula na mahali pa kulala, halafu anakuta siri ya chumba chake kwenye kitabu! Kwa maoni yangu, anayepaswa kuulizwa ni yule atakayeumia habari ikitoka. Ruhusa ya mume haitoshi kwa siri ya mke. Hata ruhusa ya mama haitoshi, kama mtoto ameshakuwa na akili ya kuelewa.

Na hapa kwetu hatari si fidia. Kuna mtu aliyekimbia kwa sababu anatafutwa. Ofisi ya UNHCR ina kanuni ya kutunza siri ya faili lake, isifike kwa wale aliowakimbia. Halafu wewe jirani unaandika kijiji chake, jina la baba yake, na zone anayokaa sasa. Mtu anapiga picha ukurasa kwa simu, na kabla ya jua kuzama habari iko Uvira.

Kuna pia watoto waliozaliwa na mama aliyetendewa vibaya vitani. Naomba sana hapo. Gazeti hili linasomwa kwa sauti darasani, na mtoto anaweza kuwa amekaa kwenye benchi la mbele akisikiliza.

Wazee wetu wanajua namna ya kuandika kwa uangalifu. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu hauendi umefungwa, na ndani yake huwekwa habari za familia tu: tuko wazima, mtoto amezaliwa, shangazi amefariki. Unaandika ukijua kuna macho mengine yatapita hapo. Na bado watu wamelia kwa furaha kwa mistari mitano tu.

Kwa hiyo tunyamaze? Hapana. Andika uliyopitia wewe mwenyewe, njaa yako, woga wako, yule aliyekubeba mgongoni. Na kama unajua mtu anapigwa nyumbani kwake, usilete kwa gazeti. Mwulize kwanza anataka nini, na kama anakubali, msindikize ofisi ya ulinzi.

Kwa toleo lijalo, kila anayetajwa asomewe kwanza maneno yote, kwa lugha anayoelewa, Kibembe au Kifuliru ikibidi. Asisomewe mbele ya watu, maana hapo atasema ndiyo kwa haya tu. Mama mmoja aliposomewa hadithi yake alifuta sentensi moja, akaongeza mbili zilizo bora kuliko zetu. Akikataa, basi, amekataa, usimrudie na soda.

Karatasi ambazo hazikuchapwa ziko kwangu shuleni, ndani ya bahasha iliyofungwa. Wenyewe waje kuzichukua Jumamosi asubuhi. Simpi mtu karatasi ya mwenzake, hata kama ni ndugu yake.