WASICHANA WA HANDENI NA KOROGWE WAPEWE UWANJA

Mwezi Januari 2023, nchini Afrika Kusini, msichana wa Rwanda mwenye umri wa miaka 19, Henriette Ishimwe, alirusha mipira minne mfululizo na kuwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe. Rwanda ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 39. Siku chache baadaye ikaishinda West Indies, timu yenye jina kubwa katika mchezo wa kriketi. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa wasichana walio chini ya umri wa miaka 19.

Habari hiyo inawagusa walimu na watumishi wa umma wa Handeni na Korogwe kuliko wengi wanavyodhani. Nafasi hiyo Rwanda iliipata Septemba 2022 nchini Botswana, na timu iliyoshindwa katika mchezo wa mwisho ilikuwa ya Tanzania. Wasichana wa Tanzania walibakiza mchezo mmoja tu kufika Kombe la Dunia.

Ishimwe ni mchezaji wa pande zote: hurusha mpira, na zamu yake ikifika hushika gongo akapiga. Mchezaji wa namna hiyo hutokana na miaka ya mazoezi, na miaka hiyo lazima ianze mapema. Yeye aliichezea timu ya taifa mara ya kwanza Januari 2019, dhidi ya Nigeria, akiwa na miaka 15. Mwaka 2022 alikwenda Dubai kucheza pamoja na wanawake mashuhuri wa mchezo huo kutoka mataifa mbalimbali. Njia yake ilifupishwa na uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Kriketi ambalo, tangu Julai 2018, limeyapa hadhi ya kimataifa mapambano yote ya ova 20 baina ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama.

Lakini uamuzi wa Baraza haulimi uwanja. Rwanda ilijenga uwanja wa Gahanga mjini Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, na tangu 2014 imekuwa na mashindano ya wanawake ya Kwibuka, yaliyoanzishwa kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ni katika mashindano hayo hayo Tanzania ilitwaa ubingwa mwaka 2019 na tena 2022. Mwaka 2021 Fatuma Kibasu wa Tanzania alipata mikimbio 127 bila kutolewa katika mchezo dhidi ya Eswatini. Kwa hiyo vipaji vipo. Kinachotakiwa kuulizwa ni vipaji vingapi havijawahi kuguswa.

Wako watakaosema kwamba kriketi ni mchezo wa wageni na wa wenye fedha. Hoja hiyo haina uzito. Mpira wa miguu nao ulitoka ng'ambo, na leo hakuna kijiji kisichoujua. Isitoshe, kriketi si ngeni katika nchi hizi: timu ya Afrika Mashariki, iliyowakusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume nchini Uingereza mwaka 1975. Wanawake walikuwa wamewatangulia. Kombe lao la kwanza lilichezwa huko huko mwaka 1973.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba pambano rasmi lahitaji vifaa vya kujikinga, maana mpira wake ni mgumu. Somo la kwanza halihitaji hivyo. Fundi seremala wa Korogwe aweza kuchonga gongo, vijiti vitatu vikawa wiketi, na mpira wa tenisi ukatosha. Msichana aliyekulia katika mchezo wa rede anajua tayari kulenga, kudaka na kukwepa. Mkono anao na jicho analo. Amekosa mwalimu wa kumwonyesha hatua inayofuata.

Kizuizi kikubwa zaidi ni saa za jioni. Handeni, ambako shida ya maji ni ya miaka mingi, kengele ya mwisho humpeleka mvulana uwanjani na dada yake kwenye ndoo. Hata penye uwanja, mara nyingi timu ya wavulana ndiyo huumiliki siku zote za juma, na wasichana husimama pembeni wakishangilia. Mwalimu mkuu hahitaji waraka wa wizara ili kuurekebisha mpango huo. Kipindi cha michezo kiheshimiwe kama kipindi cha hesabu, kifanyike ndani ya saa za shule kabla kazi za nyumbani hazijamwita mtoto, na siku za uwanja zigawanywe sawasawa.

Halmashauri za wilaya na za miji zina wajibu wake. Ardhi ya michezo ipimwe na kulindwa kabla haijageuka viwanja vya nyumba. Maofisa michezo waombe wakufunzi kutoka Chama cha Kriketi Tanzania, na Chuo cha Ualimu Korogwe kingefaa kuwa mahali pa kuwafundishia walimu, ili kila mwalimu anayehitimu aondoke na ujuzi wa kuupeleka kijijini. Wazazi nao waelezwe, katika mikutano ya shule, kwamba michezo haimpotezi binti.

Si kila msichana wa Handeni au Korogwe atavaa jezi ya taifa, wala hilo silo kusudi. Kusudi ni kwamba yule mwenye kipawa asikose kuonekana kwa sababu tu hakuna aliyempa mpira. Ishimwe alikuwa na miaka 15 alipoitwa. Wenye umri huo katika wilaya hizi mbili wamo madarasani leo, na walimu wao wanawajua kwa majina.