Diski ya Breki Haipambwi kwa Rangi

Hoja kwamba diski ya breki yenye kutu ipakwe rangi yote ili gari lipendeze inapotosha, na upotoshaji kuhusu breki hugharimu maisha. Diski nyingi ni za chuma cha kusubu, nacho hushika kutu hata baada ya usiku mmoja wa mvua, na upesi zaidi penye hewa ya chumvi kama Mombasa. Kutu hiyo nyepesi huondolewa na pedi zenyewe dereva akikanyaga breki mara chache. Rangi kwenye uso unaosuguana na pedi hupunguza msuguano, na msuguano ndio breki yenyewe.

Atasema mtu kwamba kutu inakula chuma. Ni kweli, gari likiachwa miezi. Lakini hapo dawa ni kupima unene wa diski na kuulinganisha na kiwango cha chini ambacho kwa kawaida huandikwa juu yake; iliyopungua chini ya kiwango hicho hubadilishwa. Anayependa urembo apake rangi inayohimili joto kitovuni na ukingoni tu, kisha asafishe uso kwa dawa ya breki isiyoacha mafuta. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndugu dereva, kabla ya kuing'arisha diski, ipime.