Waache vijana wapige roki kwa chepkong

Jumamosi moja hapa Kaplong, tukiwa tumejibanza kwa kinyozi tukingoja mvua ipungue, jamaa mmoja alitoa simu akatuonyesha Apocalyptica. Kama huwajui, ni Wafini wanaopiga selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi akaiweka katikati ya magoti. Mwaka 1996 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Metallica kwa selo nne tu. Hakuna gitaa, hakuna mwimbaji. Kinyozi mwenyewe aliacha kunyoa.

Wiki mbili baadaye, kijana wa kwetu alijaribu wimbo wa redioni kwa chepkong harusini. Akanyamazishwa, eti anachafua ala ya mababu. Sasa niambie: mbona Mfini akifanya hivyo tunapiga makofi, wetu akifanya anaitwa mtovu wa adabu?

Wazee nawaheshimu sana, lakini hapa wamesahau ya nyumbani. Panda matatu ya Litein hapo steji, muda si muda uko Kapkatet. Ni huko Hugh Tracey alikorekodi wasichana wa Kipsigis mwaka 1950 wakimwimba Chemirocha, chepkong ikilia. Na Chemirocha ni nani? Si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Jina lake likageuzwa likakaa vizuri mdomoni, na mwenyewe akawaziwa kuwa kiumbe nusu mtu nusu swara. Huyo alikuwa staa wa kigeni, jamani, na chepkong haikuharibika!

Ila tusidanganyane. Ukisikiliza rekodi ile humsikii Rodgers popote, unaisikia Kapkatet. Kwa hivyo wewe unayenakili wimbo YouTube noti kwa noti, bado uko nusu ya safari. Chepkong ina nyuzi chache, na haina shingo ya kubania vidole kama gitaa. Wimbo wa roki hautaingia wote. Itabidi uchague cha kubakisha na cha kutupa, na hapo ndipo unapoanza kuwa wako. Hata hao Apocalyptica hawakukwama kwa Metallica, baadaye walianza kutunga nyimbo zao.

Na wewe kijana wa harusini, kama unasoma hapa: Desemba kuna harusi nyingine. Beba chepkong yako. Mimi nitakaa kiti cha mbele, na mzee akinyanyua fimbo nitamwambia habari za Chemirocha.